Kidole kimerudishwa, sasa kinageuka zambarau: ruba, heparini au kurudi thieta?

Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe haina mzaha na vidole. Msumeno wa umeme kwenye karakana za maseremala wa kata ya Unga Limited, Arusha, nao hauna, wala mnyororo wa pikipiki unaosafishwa huku injini ikiunguruma. Huku kwetu Moshi na Arusha watu wengi wanaishi kwa kazi ya mikono yao, kwa hiyo kidole cha mmoja kikikatika, hasara ni ya nyumba nzima. Siku hizi kidole kilichokatika kabisa kinaweza kurudishwa kwa upasuaji wa hadubini, kazi ambayo Komatsu na Tamai waliifanikisha kwenye kidole gumba huko Japani mwaka 1965. Ila kukishona ni mwanzo tu. Usiku wa kwanza au wa pili kidole kinaweza kuvimba na kuiva rangi ya zambarau, daktari akawaita ndugu koridoni na kuwaambia kwamba damu inaingia lakini haitoki, na uamuzi unatakiwa sasa hivi.

Ulinganisho huu nimewaandikia ndugu hao, na mgonjwa mwenyewe kama ana nguvu za kusoma. Ruba wa tiba wanasifiwa sana mitandaoni, wengine wakiwafanya dawa ya kila kitu. Si dawa ya kila kitu. Ni tiba nzuri sana ya tatizo moja, na ukilijua tatizo hilo, kuchagua hakutakusumbua sana.

Damu imekwama upande gani?

Kiungo kilichounganishwa kinahitaji ateri ya kuleta damu na vena ya kuiondoa. Ndivyo ilivyo pia kwa kipande cha ngozi na nyama kinachotolewa pajani au mgongoni kwenda kuziba jeraha kubwa la mguu, kile ambacho wapasuaji hukiita flapu. Ateri ina ukuta mnene na hushoneka vizuri kidogo. Vena ni laini, hujikunja, huziba upesi. Mtu wa mlimani ataelewa mara moja: ukiyafungulia maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yaingie kihambani kwenye migomba na hukuyawekea pa kutokea, mgomba haufi kwa kiu, unaoza.

Ateri ikiziba, kidole hupauka, hupoa na kusinyaa. Ukikibonyeza, rangi hurudi polepole mno, na ukikichoma sindano hakitoi damu. Vena ikiziba ni kinyume chake: kidole kinavimba na kukaza, ukikibonyeza rangi inarudi kwa kasi kuliko kawaida, na tundu la sindano linatoa damu nyeusi papo hapo.

Hapa nina jambo la kusisitiza. Maelezo mengi ya rangi hizi yaliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi zambarau hujificha, na saa za thamani zinaweza kupita mtu akisema "mbona kinaonekana sawa". Tazama chini ya kucha, maana pale rangi haifichiki sana. Linganisha na kidole cha jirani au cha mkono mwingine. Gusa uone uvimbe na joto. Ukiwa na shaka, mwite muuguzi achome sindano aone ni damu ya namna gani inatoka, na usione haya kumwita tena baada ya saa moja.

Ruba anasaidia hali ya pili tu, damu iliyokosa pa kutokea. Ateri ikiwa imeziba hana cha kunyonya, na mara nyingi hukataa hata kung'ata. Ruba mwenye njaa anayewekwa kidoleni akageuka na kuondoka anatoa habari muhimu, na habari hiyo imfikie daktari mara moja.

Kurudi thieta

Hii ndiyo ya kwanza, na hapa sina kigugumizi. Kama vena kubwa iliyoshonwa imeziba kwa bonge la damu au imejipinda, mpasuaji akirudi ndani akaifungua na kuishona upya ametibu chanzo. Njia nyingine zote zinanunua muda. Na muda wenyewe ni mfupi: flapu iliyojaa damu huanza kuharibika ndani ya saa chache, mishipa midogo ikaziba yote, na baada ya hapo hata vena mpya haisaidii. Kwa hiyo daktari akikwambia "turudi thieta usiku huu", usimwombe angoje asubuhi ili wazee wafike. Wapigie simu waelezwe.

Kuna wakati kurudi hakuwezekani. Ncha ya kidole ina vena nyembamba chini ya milimita 1, na nyingine zimesagwa pamoja na nyama kiasi kwamba hakuna cha kushona. Wapo wapasuaji ambao kwa ncha ya kidole hushona ateri peke yake kwa makusudi, wakijua tangu mwanzo kwamba damu itatolewa nje kwa njia nyingine hadi mwili ujitengenezee vena zake. Kujitengenezea huko huchukua siku 3 hadi 7, wakati mwingine zaidi kwa flapu. Siku hizo ndizo za ruba au heparini, dawa inayozuia damu kuganda.

Ruba

Ruba wa tiba ni mnyama wa maji baridi wa jamii ya Hirudo. Ana taya tatu zenye meno madogo mengi, na jeraha lake hubaki na alama ya miale mitatu. Ulaya ya karne ya 19 ilimtumia kupita kiasi: mwaka 1833 peke yake Ufaransa iliagiza zaidi ya milioni 41, wakawekwa kwa maradhi ambayo hawakuyaweza hata kidogo, na sifa yake ikaharibika. Kazi yake ya kweli ilionekana baadaye. Mwaka 1960 Derganc na Zdravic wa Ljubljana walichapisha habari za flapu zilizojaa damu zikaokolewa na ruba. Mwaka 1985 Joseph Upton wa Boston alimrudishia mtoto sikio lililong'atwa na mbwa, vena zikagoma, akaagiza ruba kutoka Uingereza, sikio likapona. Mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaruhusu wauzwe rasmi kama kifaa tiba.

Kazi kubwa iko kwenye mate yake. Kwa kinywa ruba hunywa mililita 5 hadi 15 tu, yaani kati ya kijiko cha chai na kijiko cha chakula, kisha hushiba na kuanguka mwenyewe, mara nyingi ndani ya nusu saa au saa moja. Lakini mate yake yana hirudini, kemikali inayozuia damu kuganda (Haycraft aliigundua nguvu hiyo mwaka 1884), pamoja na vitu vingine vinavyopanua mishipa na kuzuia chembe sahani, zile chembe za damu zinazoanzisha kuganda, zisishikane. Kwa hiyo baada ya ruba kuondoka, tundu dogo linaendelea kuchuruzika damu kwa saa nyingi, hata siku nzima. Kuchuruzika huko ndiko kunakookoa kidole.

Namna anavyowekwa ni ya kawaida kabisa. Ngozi husafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, kwa sababu spiriti na dawa zenye harufu humfukuza. Shashi hutobolewa tundu na kuwekwa juu, ili asitambae kwenda jeraha la jirani au, kwa flapu ya uso, puani na mdomoni. Akisita, ngozi huchomwa sindano damu itoke kidogo. Mtu anakaa naye kumtazama muda wote na kumhesabu akitoka. Havutwi kwa nguvu, maana taya zinaweza kubaki ndani. Mgonjwa huhisi kidogo sana au hahisi kabisa, kwa kuwa kidole kilichorudishwa bado hakina hisia. Kila ruba hutumika kwa mgonjwa mmoja, mara moja, kisha huuawa kwenye spiriti na kutupwa pamoja na taka zenye damu. Hili halina mjadala. Ruba aliyekunywa damu ya mtu akawekwa kwa mwingine anaweza kupeleka homa ya ini B au virusi vya UKIMWI.

Sasa gharama zake za mwilini. Ya kwanza ni damu. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2012, yakikusanya visa 277, yalikuta karibu 78 kati ya kila 100 vilifanikiwa, na karibu nusu ya wagonjwa walihitaji kuongezewa damu. Namba ya kwanza ipokee kwa kiasi, kwa sababu visa vilivyoshindikana mara nyingi haviandikwi. Namba ya pili ichukue kwa uzito wote. Katika hospitali zetu ndugu kuombwa kuchangia damu ni jambo la kawaida, na tiba ya ruba ikianza, watu wawili watatu wenye afya wawe tayari kwenda benki ya damu kabla hawajaitwa. Mgonjwa asiyepokea damu kwa imani yake, kama Mashahidi wa Yehova, aseme mapema kabisa, maana hilo linabadilisha ushauri wote. Mjamzito, mwenye upungufu wa damu, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, vivyo hivyo.

Gharama ya pili ni maambukizi. Tumboni mwa ruba anaishi bakteria aitwaye Aeromonas, anayemsaidia kusaga damu. Akiingia kwenye nyama iliyoumia anaweza kuharibu yote yaliyojengwa, na ripoti za maambukizi hayo hutofautiana kutoka wagonjwa 2 hadi 20 katika kila 100. Ndiyo maana antibayotiki huanza kabla ya ruba wa kwanza na kuendelea muda wote wa tiba: siprofloksasini, kotrimoksazoli au seftriaksoni, kutegemea hospitali. Amoksilini haifai kitu hapa. Wameshaonekana pia Aeromonas sugu kwa siprofloksasini, kwa hiyo jeraha likianza kunuka au homa ikipanda, dawa ichunguzwe upya bila kusubiri. Mwenye kinga dhaifu, iwe kwa kisukari kisichodhibitiwa, dawa za saratani au UKIMWI uliosonga mbele, namshauri asikubali ruba kabla daktari hajamweleza hatari hii kwa kina.

Kisha upatikanaji. Ruba wa tiba hufugwa kwenye mashamba maalumu, na kwa kuwa spishi hizi zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe, CITES, kuwaingiza nchini kunadai vibali. Hawaagizwi usiku wa dharura wakafika alfajiri. Ama hospitali ina utaratibu wao tayari, ama haina. Uliza moja kwa moja, na jibu likiwa hapana, nendeni kwenye njia inayofuata bila kupoteza saa.

Na tafadhali, ruba wa mtoni au wa mashamba ya mpunga asije akawekwa kwenye kidole cha mgonjwa. Hujui ni spishi gani, alimnyonya nani jana, wala maji yake yana nini. Wapo ruba wa porini wanaojulikana kwa kuingia puani na kooni kwa watu na mifugo wanaokunywa mtoni. Upendo wa ndugu anayetoka kwenye mpunga wa Mabogini na chupa ya ruba mkononi naufahamu, lakini chupa hiyo irudi nyumbani.

Heparini na kukwangua kitanda cha kucha

Wengine huiita ruba wa kemikali. Daktari huondoa kucha ya kidole kilichorudishwa, hukwangua nyama iliyo chini yake ianze kutoa damu, kisha huweka shashi iliyolowanishwa kwa heparini ili damu isigande. Muuguzi hurudia kufuta na kukwangua kila baada ya muda mfupi, mara nyingi kila saa moja au mbili, mchana na usiku. Namna nyingine ni kuchana kidogo pembeni mwa ncha ya kidole, au kuchoma heparini kidogo ndani ya nyama yenyewe.

Haina mvuto wa habari, na picha yake haisambai WhatsApp. Ila kwa mazingira yetu ina faida ambazo ruba hana. Heparini hutumika kwenye usafishaji wa damu kwa wagonjwa wa figo, kwa hiyo hospitali kubwa zinaijua na famasia yao inaihifadhi. Haiji na bakteria wake. Haitambai. Haimtishi mtoto. Na ukiacha kukwangua, kuvuja kunapungua, wakati tundu la ruba huwezi kuliambia lisimame.

Udhaifu wake uko sehemu mbili. Kwanza inategemea kucha, hivyo inafaa vidole tu. Flapu ya mguu au sikio halina kitanda cha kucha, na kwa hizo kinachobaki ni kuchoma matundu ya sindano na heparini, njia inayotoa damu bila mpangilio mzuri na kuacha makovu. Pili inakula muda wa wauguzi. Wodi yenye wagonjwa 30 na wauguzi wawili usiku haiwezi kukwangua kidole kila saa bila kumwacha mtu mwingine. Ruba naye anataka mtu wa kumtazama, lakini akishaanguka jeraha linafanya kazi peke yake kwa muda mrefu. Ndugu anaweza kufundishwa kuangalia rangi na kuhesabu shashi zilizolowa. Kukwangua kubaki kwa muuguzi.

Kwenye damu inayopotea, msidhani heparini ni nafuu. Zote mbili zinamwaga damu kwa siku kadhaa, zote zinadai kupima wingi wa damu kila siku au zaidi.

Hizo ndizo njia za kweli. Iliwahi kutengenezwa mashine ya kunyonya badala ya ruba, watafiti wa Wisconsin waliionyesha mwaka 2001, lakini haikuwaondoa ruba wodini. Hijama na chuku haviingii kwenye orodha hii. Mvuto wa kikombe juu ya mishipa iliyoshonwa kwa nyuzi zisizoonekana kwa macho unaweza kuifumua, na hata mtoa hijama makini atakataa akielezwa hali halisi.

Kufunga kisiki

Watu hukwepa kuitaja njia hii, yaani kuacha kukipigania kidole na kufunga jeraha la sehemu iliyobaki, kana kwamba ni kushindwa. Mimi nataka itajwe mezani tangu mwanzo. Kidole kimoja kisicho gumba, kilichosagwa na mashine au kukatika karibu na kiganja, hata kikiishi mara nyingi hubaki kigumu, kisichohisi, kinachouma kwenye baridi ya Julai. Fundi mwenye kidole cha namna hiyo anaweza kukaa miezi mingi bila kazi. Kisiki kilichofungwa vizuri hupona kwa wiki chache. Hesabu hiyo lazima ifanywe na mwenye kidole, si na wajomba.

Gumba ni hadithi nyingine, maana mkono usio na gumba umepoteza sehemu kubwa sana ya kazi yake. Vidole kadhaa kwa pamoja, mkono mzima, na karibu kiungo chochote cha mtoto, hivyo navyo vinastahili kupiganiwa hadi mwisho.

Ningechagua hivi

Seremala wa miaka 35, ncha ya gumba imekatwa safi na msumeno, vena hazishoneki: heparini na kitanda cha kucha mara moja, ruba kama wapo na wauguzi hawatoshi kukwangua. Akiwa mvutaji sigara, aiache kabisa kuanzia saa hiyo, maana nikotini hubana mishipa.

Dereva wa bodaboda mwenye flapu ya nyama kwenye goti, imevimba saa kumi usiku: thieta, bila kungoja. Wakifungua wakakuta vena haitengenezeki, ruba ndio tegemeo, na kama hawapo, nyuzi chache zilegezwe na matundu ya heparini yaanze wakati daktari akifikiria flapu nyingine.

Mtoto aliyerudishiwa sikio: ruba wakipatikana, naam, hata kama bibi atalia. Mtoto ana damu kidogo mwilini, kwa hiyo vipimo vyake vifuatwe kwa karibu zaidi na damu ya akiba iwepo tayari.

Mama mwenye kisukari na upungufu wa damu, kidole cha mwisho, kimesagwa: kisiki. Ningesema hivyo hata angekuwa mama yangu.

Machaguo yote haya yanakuwepo tu kama kidole kimefika kikiwa hai. Kisuuzwe kwa maji safi, kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kiingizwe kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, mfuko huo ndio uwekwe juu ya maji yenye barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja, kisizamishwe kwenye spiriti wala maziwa. Kidole kikiwa kwenye joto la kawaida huvumilia saa 12 hivi, kikipozwa vizuri takribani 24. Mkono au mguu wenye misuli huvumilia saa 6 tu kwenye joto. Kutoka Arusha hadi hospitali ya rufaa ya KCMC pale Moshi ni kilomita 80 hivi, kwa hiyo simu ipigwe kabla gari halijaondoka, muulize kama yupo mpasuaji wa kazi hiyo leo, na saa kamili ya ajali iandikwe kwenye karatasi isafiri na mgonjwa.